Nani Astahili Kuwa Ofisa?
Habari za jeshi la Kongo, tangu Tabora hadi Kananga

Msafiri atokaye Kalehe kwenda Bukavu hupita Katana na Kavumu, kisha huingia mjini, na huko husikia watu wakitaja kambi ya askari iitwayo Saio. Jina hilo si la Kihavu wala la Kishi. Saio ni mji wa mbali katika nchi ya Ethiopia. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha huko kwa Jenerali Gilliaert, mkuu wa askari wa Kongo, pamoja na majenerali wenziwe kadhaa na maelfu ya watu wao. Askari wa Kongo walikuwa wamesafiri miezi mingi, kwa mashua, kwa magari na kwa miguu, wakavumilia njaa na mvua, wakashinda.

Basi tuulize swali moja. Katika Wakongo wale walioteka majenerali, ni nani aliyepata kuwa luteni? Jibu ni fupi: hakuna hata mmoja. Na miaka 25 kabla yake, tarehe 19 Septemba 1916, jeshi hilo hilo lilipoingia Tabora, nani katika wenyeji alipata cheo cha ofisa? Hakuna.

Makala haya yataka kueleza habari ya mlango mmoja, yaani mlango wa kuingilia shule ya maofisa. Ulifungwa kwa nani, ulifunguliwa namna gani, na matunda yake yalikuwaje? Wengine watasema: jambo hili ni la wakubwa, sisi wakulima na wavuvi wa ziwa Kivu latuhusu nini? Latuhusu sana, kwa sababu ofisa asiyestahili cheo chake akikosa kuwaongoza askari wake, wa kwanza kuumia ni mama aendaye sokoni na mtoto aendaye shule.

Jeshi lisilo na ofisa mwenyeji

Jeshi la kikoloni liliitwa Force Publique. Lilianzishwa katika miaka ya 1880, wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Askari wake walikuwa Waafrika, maofisa wake Wazungu. Kila mwaka wilaya zilitakiwa kutoa hesabu fulani ya vijana, na machifu walipaswa kuwaleta. Twajua chifu aliyeamriwa hivyo alifanya nini mara nyingi: aliwabakiza nyumbani watoto wa jamaa zake, akamtoa kijana asiye na mtetezi, au mkaidi aliyemsumbua. Hivyo hata mlango wa chini kabisa wa jeshi haukuwa wa haki. Maskini alisukumwa ndani, mwenye ndugu mkubwa alifichwa.

Zaidi ya hayo, jeshi likafanywa mahali pa adhabu. Mfano mmoja wajulikana kote. Kijana Joseph-Désiré Mobutu, mwanafunzi wa shule ya wamisionari huko Coquilhatville, alifukuzwa shuleni kwa utovu wa nidhamu, akapelekwa kutumika jeshini miaka saba. Akaanza mwaka 1950. Tazameni ajabu hii: mtu ambaye baadaye angelitawala jeshi na nchi nzima hakuingia jeshini kwa kushinda mtihani, aliingia kwa kuadhibiwa. Lakini yasemwe pia kwamba huko alisoma. Alipelekwa Luluabourg, kwenye shule kuu ya Force Publique, akajifunza kazi ya uandishi na hesabu, akatoka akiwa na cheo cha sajini. Zaidi ya hapo ngazi ilikuwa karibu kwisha.

Maana ngazi ya Mkongo ilikuwa na vipande vichache tu. Aliweza kuwa koplo, kisha sajini. Cheo cha ajudanti, kilicho juu ya masajini wote na chini ya luteni, kilifunguliwa mwishoni kabisa mwa ukoloni, na kabla ya uhuru walikipata watu wanne tu. Juu yao walikaa maofisa wapata elfu moja, Wazungu wote. Chini walikuwa askari wapata 24,000.

Hapa tuwe waangalifu tusije tukasema uongo juu ya Wabelgiji. Katika jambo moja walijitahidi kuwa na akili: walichanganya makabila katika kila kikosi, na askari wote wakasema Lingala, ili jeshi lisiwe la kabila moja. Lakini mchanganyiko huo ulikuwa wa chini tu. Askari wa kila kabila walikuwa sawa katika jambo hili, kwamba wote pamoja walikatazwa kupanda.

Mlango mmoja ulifunguliwa mapema

Wenye kutetea hali ile walisema: Wakongo hawajasoma vya kutosha, wangojee. Tulinganishe na mlango mwingine. Mwaka 1917, yaani mwaka mmoja tu baada ya Tabora, Stefano Kaoze alipewa upadre huko Baudouinville, akawa padre wa kwanza Mkongo. Hakupewa kwa huruma. Alisoma Kilatini, falsafa na teolojia miaka mingi, kama walivyosoma mapadre wa Ulaya, akahojiwa, akafaulu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba kichwa cha Mkongo hakiwezi masomo magumu. Mwaka 1960 mapadre wenyeji walihesabiwa kwa mamia. Luteni mwenyeji hata mmoja hakuwapo.

Hatusemi hivyo kwa kujisifu. Kanisa lenyewe lilikawia. Askofu wa kwanza Mkongo, Pierre Kimbondo, alipatikana mwaka 1956 tu. Twataka kuonyesha jambo moja. Tofauti ya milango hiyo miwili haikuwa katika akili za vijana, kwa kuwa walikuwa vijana wa vijiji vile vile. Tofauti ilikuwa katika shule ya matayarisho. Wamisionari walijenga seminari ndogo miaka mingi mbele, wakamchukua mtoto akiwa bado mdogo, wakamwongoza darasa kwa darasa. Watu wetu waijua seminari ndogo ya Mugeri, kule Katana. Wajua mtoto atokaye humo ana nini kichwani. Jeshi halikujenga mapema shule ya namna hiyo kwa ajili ya maofisa. Lilianza mwaka 1958, lilipowakubali wenyeji 23 katika shule ya sekondari ya kijeshi. Na mwezi wa Mei 1960, majuma machache kabla ya uhuru, vijana 14 waliandikwa katika chuo cha kifalme cha kijeshi huko Brussels. Walitazamiwa kumaliza mwaka 1963. Uhuru ulikuwa tarehe 30 Juni 1960.

Siku chache za Julai

Yaliyofuata yajulikana, lakini yafaa tuyatazame kwa swali letu la mlango. Tarehe 5 Julai 1960 mkuu wa jeshi, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya watu wake huko Léopoldville, akaandika ubaoni kwa Kifaransa kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Maana yake askari waliielewa mara moja: wanasiasa wamepata magari na vyeo, karani amekuwa waziri, lakini sajini mwenye miaka 15 ya kazi atabaki sajini. Jioni ile ile kambi ya Thysville ikaasi.

Serikali ya Patrice Lumumba ilitaka kuuzima moto haraka. Kwa siku chache ikafanya yale ambayo hayakufanywa kwa miaka 70. Janssens akaondolewa. Askari wakapandishwa cheo. Victor Lundula, askari wa zamani aliyekuwa burugumesta huko Jadotville, akafanywa jenerali. Mobutu akafanywa kanali na mkuu wa makao ya jeshi. Na katika kambi nyingi askari wenyewe waliambiwa wawachague maofisa wao.

Wengine walifurahi wakasema: sasa haki imetendeka. Tufikiri vizuri. Kumchagua mwenzako awe mkubwa wako ni jambo jema katika chama cha ushirika au katika kamati ya parokia. Lakini askari humchagua nani siku ya fujo? Humchagua yule asemaye kwa sauti kuu, au yule wa lugha yake, au yule ambaye hatamwadhibu. Masajini wengine waliochaguliwa walikuwa watu hodari kweli, na uzoefu wao ulistahili cheo. Walakini hakuna aliyewapima, wala hakuna aliyewafundisha kusoma ramani, kupanga chakula cha watu elfu, na kujua sheria ya vita. Kisha ofisa aliyewekwa na askari wake aliogopa kuwakataza, kwa maana waliomweka waliweza kumwondoa.

Matokeo yalikuwa machungu. Jeshi liligawanyika pamoja na nchi, mikono ya askari ikawa haina kichwa. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, askari wasiozuiliwa na mtu waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kosa la wauaji ni lao wenyewe. Lakini tuulize pia: nani aliyekuwa amefundishwa kusimama mbele yao na kusema hapana, nao wakamtii?

Basi mwaka 1960 watufundisha mambo mawili, wala tusiyatenganishe. Kufunga mlango kwa miaka mingi ni udhalimu. Kuuvunja mlango siku moja, kila mtu akaingia bila kupimwa, si haki. Ni mtoto wa ule udhalimu wa kwanza.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Mji wa Luluabourg ulibadilishwa jina mwaka 1966, ukaitwa Kananga. Huko huko, palipokuwa shule kuu ya Force Publique, ndipo ilipowekwa shule ya kuwafundisha maofisa wa Kongo huru. Vijana wengine walipelekwa Ubelgiji, Ufaransa, Marekani. Kwa muda ilionekana kwamba ngazi imekamilika: kijana aliyemaliza sekondari aliweza kufanya mtihani, kusoma, na kuvaa nyota begani kwa jasho lake. Maofisa kadhaa wa wakati ule walikuwa wasomi wenye kusifiwa hata nje ya nchi.

Lakini mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mobutu, aliyetwaa utawala tarehe 24 Novemba 1965, alianza kuwaogopa maofisa waliosoma kuliko maadui. Mwaka 1978 kundi kubwa la maofisa na raia lilishtakiwa kwamba lilipanga kumpindua. Wengine wakauawa kwa risasi mwezi wa Machi. Baada ya kesi hiyo maofisa wengi waliondolewa, hasa wa mikoa iliyotiliwa shaka. Swali la mlangoni likageuka. Badala ya kuulizwa, "Wajua nini?" kijana aliulizwa, "Watoka wapi?" Katika miaka ya 1980 kikundi cha ulinzi wa Rais, kilichoitwa Division Spéciale Présidentielle, kilijazwa hasa watu wa Équateur, na zaidi Wangbandi, kabila lake mwenyewe. Hao walipata silaha nzuri na mishahara, wengine walisahauliwa.

Jeshi la namna hiyo laonekana kubwa siku ya gwaride. Siku ya taabu huonekana lilivyo. Mwezi wa Septemba 1991, na tena Januari 1993, askari wasiolipwa walipora miji waliyopaswa kuilinda. Na mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipofika kwetu Kivu, jeshi hilo lilikimbia, na njiani likawapora raia. Bukavu ikaachwa. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyebaki na watu wake wakati wenye bunduki walipokwisha kukimbia, akauawa katika njia za mji wake. Wazee wa Kalehe hawahitaji kusimuliwa siku zile; wengi walizipita wakiwa na mizigo kichwani.

Cheo cha msituni

Vita viliendelea. Mwezi wa Desemba 2002 wenye kupigana walipatana huko Pretoria, na mwaka 2003 Serikali ya umoja ikaanza, na pamoja nayo jeshi jipya lililochanganya watu wa pande zote. Kuwaleta pamoja watu waliouana jana kulikuwa kazi kubwa, na waliojitoa kwa moyo wastahili shukrani. Lakini kila kundi lilikuja na vyeo vyake. Mkubwa wa kundi alijiita jenerali, wadogo zake makanali, na amani ilitaka wapokewe. Hivyo wengine waliosoma miaka mingi walijikuta chini ya mtu ambaye shule yake ilikuwa msitu.

Tuone hasara iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya vijana. Kijana wa Bunyakiri, wa Ziralo au wa Numbi ana macho. Aliona rafiki yake akimaliza sekondari kwa shida, akakosa kazi. Akaona mwingine akiacha shule, akashika bunduki, kisha siku ya mapatano akarudi na cheo. Nani atamwambia asome? Kila mara cheo kinapotolewa kama bei ya kumnyamazisha mwenye bunduki, mwalimu wa kijiji hupoteza mwanafunzi, na kundi jipya hupata askari. Huu si umaskini wa akili za watoto wetu. Wanafanya hesabu kama walivyofundishwa na mambo waliyoyaona.

Wengine walifanyaje

Kongo si nchi ya kwanza kuwa na shida hii. Huko Ufaransa, mwaka 1781, mfalme alitoa amri kwamba anayetaka kuwa ofisa bila kupitia vyeo vya chini sharti aonyeshe vizazi vinne vya ukoo bora. Mtoto wa mfanyabiashara, hata awe hodari namna gani, alizuiliwa. Miaka minane baadaye mapinduzi yalitokea, na wengi wa waliozuiliwa walikuwa mbele kuyashangilia. Mwaka 1794 Wafaransa walianzisha shule iitwayo École polytechnique, ili kupata mainjinia wa kazi za Serikali na za jeshi. Vijana waliingia kwa mtihani wa mashindano, na mtihani ulifanywa katika miji mbalimbali ya nchi, si Paris tu. Tena waliofaulu walipewa posho, ili maskini asishindwe kukaa shuleni. Lakini baadaye Napoleon aliifanya shule ya kijeshi, na wazazi wakatakiwa kulipa ada; watoto wa maskini wakapungua. Mtihani ulikuwa ule ule. Mlango ulipunguzwa kwa njia ya fedha.

Waingereza nao, kwa muda mrefu, waliuza vyeo vya maofisa katika vikosi vyao vya miguu na vya farasi. Mwenye mali alinunua ukapteni kama anunuaye shamba. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1871 tu.

Tuje karibu. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, lakini wengi wa maofisa wake waliendelea kuwa Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mshahara na maofisa wenyeji. Ni hadithi yetu ya Thysville, imehamia pwani. Rais Nyerere alilivunja jeshi lile, akaanza jingine tarehe 1 Septemba 1964, na mkuu wake akawa Mirisho Sarakikya, Mtanganyika aliyesoma chuo cha Sandhurst, Uingereza. Vijana wa jeshi jipya waliletwa kutoka pande zote za nchi, hasa kwa njia ya umoja wa vijana wa chama cha TANU. Huo nao ulikuwa mlango wenye kizingiti chake, maana chama kilitangulia. Hata hivyo hawakuangalia kabila, na baadaye walijenga chuo chao cha maofisa huko Monduli. Matunda yake majirani wote wameyaona.

Kifungu cha 189

Je, sheria ya nchi yetu yasemaje? Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu cha 189 ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Chasema kwamba watu wa jeshi katika ngazi zote, na vyeo vya uongozi wakati wote, vifuate vipimo vya kweli. Vipimo hivyo ni vinne: afya na nguvu ya mwili, elimu ya kutosha, mwenendo mwema uliothibitishwa, na uwakilishi wa haki wa mikoa.

Maneno hayo ni machache, lakini yana historia yetu yote ndani yake. Elimu ya kutosha yajibu makosa ya Julai 1960. Mwenendo mwema wajibu vyeo vya msituni. Uwakilishi wa mikoa wajibu ngoma iliyovutwa upande mmoja.

Hapa watu hubishana. Wa kwanza husema: wachukuliwe wenye alama kubwa tu, hata wakitoka mtaa mmoja wa Kinshasa. Wa pili husema: kila mkoa upewe fungu lake, alama zisiulizwe sana. Sisi twaona kila mmoja ameshika kweli nusu. Alama za mtoto aliyesoma penye vitabu, taa na walimu waliolipwa si sawa na alama za mtoto wa milimani aliyefunga shule mara tatu kwa sababu ya vita. Kuwapima kwa namba tu ni kama kupima mbio za wawili, mmoja akianzia katikati ya njia. Lakini kumpokea asiyejua, kwa sababu tu ni wa mkoa fulani, ni kumdhulumu yeye na askari atakaowaongoza. Twaona ni afadhali kipimo cha kufaulu kiwe kimoja kwa wote, kisichoshushwa kwa ajili ya mtu. Kisha, katika waliokifikia, nafasi zigawanywe ili kila mkoa uwe na watu wake. Ndivyo tusomavyo kifungu chetu: elimu ya kutosha kwanza, na mikoa pamoja nayo.

Mashindano ya haki yataka nini

Yataka kwanza habari ifike. Tangazo likibandikwa mjini tu, kijana wa Kalonge ameshindwa kabla ya kushika kalamu. Kananga iko mbali, katikati ya nchi. Mtihani na uende kwa watahiniwa, kama walivyofanya wale wa mwaka 1794, usiwangojee waje.

Yataka pili msahihishaji asijue jina. Katika mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, uitwao Exetat, ulioanza mwaka 1967, watu wetu wamezoea namba badala ya majina, na masahihisho ya mbali na shule. Tena huko nako twajua ujanja umeingia mahali pengi. Lakini kanuni yenyewe ni njema: karatasi isiseme ni mtoto wa nani. Na mbele ya kamati ya mahojiano, ambapo uso hauwezi kufichwa, wahoji wawe wengi, wa mikoa mbalimbali, na maswali yawe yale yale kwa wote. Kwetu Kalehe, penye Wahavu, Watembo, Wambuti na wasemao Kinyarwanda, tunalijua lile swali linaloulizwa kwa macho kabla ya mdomo kufunguka. Mtahiniwa aliye raia aulizwe anachojua, si umbo la pua yake.

Yataka tatu fedha zisiwe na neno. Mzazi auzaye ng'ombe ili kumpatia mwanawe nafasi adhani anamsaidia. Mwana huyo atajua siku zote kwamba nyota zake zilinunuliwa, na siku moja atataka kurudisha gharama. Atairudisha wapi? Kwenye posho ya askari wake, au kwenye kizuizi cha barabarani, kwa mama mwenye kikapu cha samaki. Rushwa iliyolipwa mlangoni mwa chuo hulipwa tena na tena njiani kati ya Minova na Bukavu.

Yataka nne majina ya waliofaulu na alama zao yatangazwe hadharani, ili aliyeshindwa aone kwamba ameshindwa kwa haki. Jambo hili wengi hulisahau. Mtu huvumilia kushindwa, kudanganywa havumilii. Aliyeshindwa kwa haki hurudi kusoma, au hushika kazi nyingine kwa moyo mweupe. Aliyenyang'anywa nafasi yake hubeba donge, na msituni kuna watu wanaomngojea yeye na donge lake.

Kazi iliyo yetu

Wasomaji wapenzi, sheria za chuo haziandikwi Kalehe. Lakini matayarisho yako mikononi mwetu. Kaoze hakufaulu siku ya mtihani. Alifaulu katika miaka yote iliyoitangulia. Kijana asiyejua kuandika barua ya Kifaransa, wala hesabu, wala jiografia ya nchi yake, hatasaidiwa na tangazo lo lote, hata likibandikwa mlangoni pake. Walimu na wazazi waanze mapema, na wasichana wasiachwe nyuma.

Na mkuu wa kijiji, au padre, au mwalimu aombwaye barua ya kushuhudia mwenendo wa kijana, aandike kweli. Katiba imetaja mwenendo mwema uliothibitishwa. Nani atauthibitisha, ikiwa sisi tuliomwona akikua twaandika sifa za uongo kwa ajili ya ujamaa au kwa kuogopa? Barua hiyo ndogo nayo ni sehemu ya mlango.

Askari wa Saio walistahili kupimwa, wala hawakupimwa. Wengi wao walikufa wakiwa koplo na masajini, na majina yao hayakuandikwa po pote ila katika hesabu za mishahara. Hatuwezi kuwapa leo nyota walizonyimwa. Twaweza kuangalia kwamba mjukuu wao, akisimama mlangoni Kananga na karatasi yake mkononi, aulizwe mambo yale yale wanayoulizwa wenzake, na jibu lake lisomwe.